Chungu cha Zeolaiti

Chungu nilichopikia zeolaiti zangu kilitengenezwa na mume wangu katika karakana yake ya mabati mjini Machakos, nyuma ya maduka ya vipuri vya magari. Alikuwa fundi wa lethi, ile mashine ya kukereza vyuma. Siku nyingi alikereza shafti za mashine za posho na bolti za matrekta ambazo hazipatikani tena madukani. Mimi nilikuwa nimeacha kufundisha kemia katika shule moja ya upili huko Kathiani, ambako ndiko kwao mume wangu, nikarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamifu. Alinijua nikiwa mwalimu, na Mwalimu ndilo jina aliloniita mpaka mwisho.

Zeolaiti ni aina ya fuwele. Ukiishika mkononi ni unga mweupe tu, lakini ndani imejaa vijitundu vya ukubwa mmoja, vidogo kiasi kwamba molekuli moja hupita na nyingine hukwama. Nilitaka kuitengeneza kutokana na jivu la maganda ya mpunga, ambayo viwanda vya kukoboa mchele hutupa kwa malori. Nikiipata, ningeitia chembe za platinamu, kisha nipitishe juu yake mvuke wa heksani pamoja na haidrojeni. Heksani ni sehemu ya petroli, na molekuli zake zimenyooka kama vijiti. Kichocheo kikiwa kizuri, vijiti hivyo hutoka upande wa pili vikiwa na matawi. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, atomi ni zilezile, ila zimejipanga kwa namna nyingine. Petroli ya matawi huwaka kwa utulivu. Ile iliyonyooka hufanya injini igonge.

Mume wangu alielewa hiyo ya kugonga papo hapo. Mengine yote alisema ananiachia mimi na Mungu.

Shida ilikuwa chungu. Uji ule wa jivu, magadi na alumini lazima upikwe siku kadhaa ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, kwa joto linalopita la maji yanayochemka, kwa hivyo mgandamizo ndani yake ni mkubwa. Idara yetu ilikuwa na chombo kimoja kutoka ng'ambo, na foleni yake ilikuwa ndefu. Nilimchorea mume wangu ninachotaka mezani kwetu Mumbuni, tukinywa chai. Akauliza unene wa ukuta, akauliza joto, akasema atatafuta chuma kisichoshika kutu. Alikikereza jioni baada ya kazi za wateja. Ndani alitia kikombe cha ile plastiki nyeupe isiyoyeyuka, na juu kifuniko kinene cha kukazwa kwa bolti. Siku ya kukijaribu tulitia maji matupu, tukakiweka kwenye oveni ya chuo, na yeye akanivuta tusimame nyuma ya ukuta wa mawe, mimi na koti langu jeupe, yeye na ovaroli yake. Hakikuvuja. Akakipa jina la mbisu, ambalo kwa Kikamba ni chungu cha kupikia, na tangu siku hiyo hata wanafunzi wenzangu walikiita hivyo.

Mapishi ya kwanza yaliharibika. Nilikuwa nikipeleka unga Nairobi upigwe eksirei, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha fuwele moja na nyingine, na kila mara majibu yalisema nimepata jiwe jingine, gumu, lisilo na vijitundu vya maana. Nikirudi nyumbani uso wangu ulikuwa umeshatangaza. Mume wangu angeuliza tu, "Mwalimu, haijaiva?" kisha aniongezee chai.

Miguu yake ilipoanza kuvimba tulidhani ni kusimama kwenye lethi. Halafu akawa anahema akipanda mlima kwenda kanisani, yeye aliyekuwa akinisubiri juu na kunicheka. Hospitalini walisema presha imekuwa juu miaka mingi bila yeye kujua, na figo zote mbili zimechoka. Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, mpole. Alisikia kwamba natoka chuo kikuu, akaanza kunieleza mimi kwa Kiingereza. Mume wangu akamgusa mkono, akamwomba aseme naye yeye, maana figo zinazozungumziwa ni zake.

Kuanzia hapo maisha yetu yakajipanga kufuata mashine ya kusafisha damu. Jumanne na Ijumaa alikaa kwenye kiti pale hospitalini mjini asubuhi nzima, na mimi nikapanga maabara kwenye siku zilizobaki. Nilijifunza upya kupika. Mboga nilizichemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena, ili potasiamu itoke. Maharagwe tuliyaacha, na isyo pia, yale mahindi na maharagwe aliyolelewa nayo. Maji ya kunywa tulipima kwa kikombe kidogo. Msimu wa maembe ulipofika, na barabara yote ya Mumbuni imejaa mafungu, alininunulia moja kila jioni. Alilikata mwenyewe, akalinusa, akanisogezea sahani.

"Kula nikuone," alisema.

Nilikula. Mara ya kwanza nilidhani nitashindwa kumeza. Baadaye niliona kwamba kweli anafurahi, nikawa nakula bila haraka.

Maabarani nami nilikuwa na usafishaji wangu. Zeolaiti ikitoka chunguni huwa imeshikilia sodiamu, na sodiamu hiyo lazima itolewe kwa kuiosha na chumvi ya amonia, tena na tena, ndipo iwe kichocheo. Kuna Ijumaa moja mwanafunzi mwenzangu alinishikia zamu ya hospitalini, nikaketi kando ya chupa yangu nikiisubiri, na nikawaza kwamba wakati huohuo damu ya mume wangu inapitishwa kwenye mpira, inaoshwa, inarudishwa. Nilizima jiko, nikavua koti, nikaenda huko.

Damu yangu na yake hazikulingana, kwa hivyo sikuweza kumpa figo. Hilo tuliambiwa mapema. Jumapili moja tukapanda Kathiani kumweleza mama yake, ambaye sote tunamwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alisikiliza akiwa ameshika taulo la jikoni, asilie. Aliyezungumza kwanza alikuwa mdogo wa mume wangu, shemeji yangu. Ni mkulima wa parachichi na mahindi, ana nguvu za kubeba gunia bila kuegemea, na ana mke na watoto wadogo.

"Nitatoa yangu," alisema. "Mimi niko na mbili nzima."

Hakuna aliyekuwa amemwomba. Alisema kama mtu anayejitolea kwenda kufunga lango. Hapo ndipo mwaitu alipoanza kulia.

Vipimo vilichukua muda mrefu, vingine Machakos, vingine Nairobi. Kila kimoja kilirudi kikisema wanafaana. Katika miezi hiyo shemeji alishuka mjini kila wiki kumsaidia kaka yake, kwa kuwa mkono wa mume wangu ulikuwa umetengenezwa mshipa wa kuingizia sindano na alikatazwa kuinua vizito. Shemeji aliinua vyuma, mume wangu akakereza akiwa ameketi kwenye stuli. Kifuniko cha mbisu kilikuwa kimeanza kuvuja mvuke. Wakakitengeneza upya wawili hao, wakibishana mpira wa timu gani ni bora, na nilipokuja kukichukua nilikuta kinang'aa na wao wamechafuka mafuta mpaka usoni.

Ni ndani ya chungu hicho, na kifuniko hicho, ambapo zeolaiti yangu iliiva. Nilikuwa nimebadilisha kipimo cha magadi na kutia mbegu kidogo ya fuwele nzuri ili nyingine zijifunze. Majibu ya eksirei yalipokuja nilisoma nikiwa nimesimama kwenye korido. Nilimpigia simu nikamwambia imeiva. Nilisikia lethi ikizimwa, kisha nikamsikia akimwambia mdogo wake, na wote wawili wakacheka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya wiki zile. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imetolewa. Nilikuwa tayari nimeanza kuosha shuka za kitanda cha ziada, ambapo shemeji angelala akipona.

Siku chache kabla ya tarehe hiyo shemeji aliacha kupokea simu. Mke wake alisema yuko shambani. Kesho yake nilipotoka chuo nikapitia karakana, lethi ilikuwa imezimwa ingawa ilikuwa mchana. Mume wangu alikuwa peke yake kwenye benchi, mikono juu ya magoti.

"Ameshindwa," aliniambia.

Nilimwuliza nani, na hali nilijua. Alisema mdogo wake amekuja, wameketi pamoja pale pale, amesema hawezi. Alikuwa ametoka muda mfupi tu. Nilijua gari za Kathiani zinapakia wapi. Niligeuka nikashika mlango.

"Mwalimu, kaa."

Nilibaki nimesimama. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliyaacha yapite yote.

"Figo ni yake," alisema. "Hajaniibia kitu. Alitaka kunipa, halafu akaogopa. Hata mimi ningeogopa. Usimwulize. Nakuomba hilo moja."

Tulifunga karakana tukaenda nyumbani. Alikula, akalala. Mimi nilizitoa zile shuka kwenye kitanda cha ziada, nikazikunja, sikujua niziweke wapi.

Binamu mmoja alijitokeza, vipimo vikamkataa. Mwingine mume wangu mwenyewe alimzuia, kwa kuwa alikuwa kijana ambaye hajaoa. Shemeji hakushuka tena mjini. Mwaitu alikuja badala yake, na kuku, na mayai, na akikaa kwetu hakumtaja mwanawe wa pili hata kidogo. Mume wangu ndiye aliyeuliza habari zake, parachichi zimeendaje, watoto hawajambo.

Nilirudi kwenye kazi yangu kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Niliitia zeolaiti platinamu, nikaichoma kwenye tanuri, nikaipakia kwenye bomba jembamba la chuma. Siku niliyopitisha heksani juu yake kwa mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa, siku yake ya hospitali, maana sikupata nafasi nyingine maabarani. Mashine ya kupima huchora vilele kwenye skrini, kila kilele ni aina moja ya molekuli. Kilele cha heksani iliyonyooka kilitokea kama kawaida, lakini kimefupika, na mbele yake vikainuka vingine, kimoja kimoja, ndizo zile zenye matawi. Nilingoja nione kama vitarudia. Vilirudia.

Niliondoka na miwani ya maabara ikiwa bado kichwani. Nilimkuta kwenye kiti chake, mashine ikizunguka kando. Nilimweleza kwa vidole, huku nimenyoosha kimoja, nikapinda kingine juu yake.

"Kwa hivyo haitagonga," alisema.

Nikamwambia haitagonga. Alifumba macho akatabasamu. Kisha akamgeukia mzee wa kiti cha pili, Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye walikuwa wamezoeana kwa kukaa pamoja siku zote hizo. "Bwana mkubwa, unaona huyu? Mke wangu amepinda petroli." Mzee akauliza itauzwa pale mjini lini. Mume wangu akamwambia asubiri kidogo, bado inapindwa. Wakacheka wote wawili, na muuguzi akaja kuwaambia wasicheke sana, vipimo vinaruka.

Hiyo ndiyo siku ninayoirudia zaidi kichwani. Nimejaribu kuiacha ipumzike, inakataa.

Alishikwa na homa mwanzoni mwa mvua. Ilikuwa maambukizi, yaliingia kwenye damu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetia mchanganyiko mpya kwenye mbisu na kuufunga ndani ya oveni, kwa sababu nilihitaji zeolaiti nyingi zaidi kwa majaribio ya mwisho, ndipo nikapigiwa simu kwamba amelazwa. Nilikaa naye wodini. Aliongea, kisha akaongea kidogo, kisha akawa anashika mkono wangu tu. Asubuhi moja muuguzi aliniambia nishuke ninywe chai, niko karibu kuanguka. Nilishuka. Niliporudi pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda, na mtu aliyetoka nyuma ya pazia hilo aliniita mama kwa sauti ya chini, nikajua.

Tulimzika Kathiani, kwenye tuta chini ya nyumba ya mwaitu. Shemeji alichimba kaburi na wanaume wengine. Alichimba zaidi yao wote, hakukubali kupokewa jembe. Watu walikuwa wanajua. Walimwacha achimbe. Baada ya mazishi alikuja mbele yangu pale uani, akanyoosha mkono, udongo ukiwa bado kwenye kucha. Niliutazama mkono ule. Niligeuka nikaingia ndani.

Mwaitu alinifuata. Alikaa kitandani karibu nami kwa muda, akiniwekea mkono mgongoni kama anavyomwekea mtoto anayekohoa. Kisha akasema kwa Kikamba, polepole:

"Nilizaa wawili. Mmoja tumemzika leo. Huyu mwingine usinizikie."

Hakungoja jibu. Aliinuka akaenda kuangalia kama wageni wamepata chakula.

Niliporudi chuoni oveni ilikuwa bado inawaka. Hakuna aliyethubutu kuigusa wakati wa matanga, walidhani nina mpango nayo. Nilizima, nikasubiri chungu kipoe, nikafungua bolti. Zeolaiti ikipikwa kupita kiasi hujivunja yenyewe na kujijenga upya kuwa jiwe gumu, la kawaida, kama changarawe. Niliijua kwa kuigusa. Niliukwangua ukoko ule kwa kijiko cha mbao nikaumwaga, nikaosha kikombe, na kwa muda mrefu nikaendelea kukiosha kikiwa kimeshatakata.

Mwenye ploti ya karakana alikuwa mvumilivu, lakini hatimaye alipiga simu kuniomba nihamishe vitu. Nilikwenda nikitegemea kukuta kufuli. Mlango ulikuwa wazi, na shemeji alikuwa ndani anafagia. Alikuwa na ufunguo tangu zile siku za kusaidia. Mwenye ploti aliniambia baadaye kwamba amekuwa akija, anafungua, anapangusa lethi mafuta isishike kutu, anafunga, anarudi nyumbani.

Aliponiona aliacha kufagia. Nilitaka kuondoka, na nilibaki kwa ajili ya mwaitu.

"Shemeji," alisema, "nilifika mpaka kwa lango la hospitali, Nairobi. Nilienda peke yangu nikaone pahali watanilaza. Nikasimama pale kwa lango. Miguu ikakataa."

Nilimwambia kwamba kaka yake alinikataza kumwuliza.

"Najua. Aliniambia kwa simu. Ndiyo maana nimekuambia mwenyewe."

Nilimjibu ukweli niliokuwa nao. Nilimwambia kwamba kila nikimwona naona mtu mzima, mwenye afya, anapumua, na kwamba sijui la kufanya na jambo hilo. Aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Alisimama na ufagio wake kama mtu aliyeambiwa asubiri mahali. Baadaye fundi aliyenunua lethi alikuja na pikapu, na sote tulisaidia kuiinua, shemeji upande mzito. Chuma kile kilipoondoka pale sakafuni kiliacha mraba mweusi wa mafuta.

Nilitetea tasnifu yangu mwaka uliofuata. Kichocheo kilikuwa kizuri, hata mtahini wa nje alisema hivyo. Mmoja wa watahini akauliza chombo cha kupikia nilikiagiza kutoka wapi. Nikasema kilikerezwa hapa Machakos. Nilitaka kuongeza na nani, nikashindwa, nikaomba maji. Wakanisubiri.

Mwaka huu mke wa shemeji alijifungua mtoto wa kiume. Mwaitu alinipigia simu mwenyewe. Alizunguka sana, akauliza habari za mvua, akauliza chuo, mwishowe akasema wangependa kumpa mtoto jina la mume wangu, ila baba yake amekataa katakata mpaka mimi nikubali, na kama sitaki watatafuta jingine na hakuna atakayenilaumu. Nilimwambia nitafikiri. Kisha, kabla hajakata, nikamwambia wampe.

Nilipanda Kathiani Jumamosi iliyopita. Shemeji alikuwa shambani, au alijifanya ana kazi shambani, ili aje anikute nimeshakaa. Mke wake alinipa chai kwanza. Alikuwa hanitazami machoni, nami simlaumu, tangu mazishi sikuwa nimemtazama yeye pia. Kisha akaenda chumbani akarudi na mtoto, akaniwekea mapajani bila kusema kitu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kichwa kina joto. Mwaitu alipita mlangoni akamwita kwa jina lile, kwa sauti ya kawaida tu, sauti aliyoitumia miaka yote kumwita mwanawe aje kula. Mtoto hakugeuka, bado hajui ni lake. Mimi niligeuka.

Sijaweza kulitamka. Nilimwita kana, yaani mtoto, na nadhani nitaendelea kumwita hivyo kwa muda. Nilimbeba mpaka akalala. Shemeji alikuja akasimama kizingitini, ameshika kofia, akanisalimu. Nilimwitikia. Akauliza kama nimekunywa chai, nikasema nimekunywa. Nilimrudisha mtoto kwa mama yake, nikaaga, nikashuka kwenda stendi, na njiani nililia bila kujificha, maana kulikuwa na mvua.